Krimu Imekuunguza Uso? Mwongozo Kamili wa Kudai Haki Yako Mbeya, Iringa na Nyanda za Juu Kusini

Malalamiko ya vipodozi huku kwetu hukwama palepale kila siku. Mtu anatupa kopo jalalani kwa hasira, kisha anakwenda kulalamika mikono mitupu. Mwingine anarudi dukani bila risiti, muuzaji anamkana mchana kweupe. Wa tatu anapeleka shauri lake kwenye ofisi isiyohusika, anazungushwa wiki nzima, anachoka, anaacha.

Sheria ipo, na ofisi za kanda zipo Mbeya mjini. Kinachokosekana ni mpangilio, na ndio nilioandika hapa. Kama bado hujanunua, anza mwanzo. Kama ngozi imeshaharibika, ruka hadi hatua ya tatu sasa hivi, mengine utasoma baadaye.

## Vitu vya kuwa navyo

- Risiti ya EFD (ile ya mashine ya kielektroniki), au ujumbe wa malipo ya simu
- Kopo lenyewe, kifuniko chake na boksi lake, hata kama limebaki tupu
- Simu yenye kamera
- Daftari la kuandikia tarehe
- Cheti cha hospitali, kama umedhurika
- Mifuko miwili ya plastiki inayofungika
- Jina la duka, mtaa lilipo, na alama ya jirani (mfano "mkabala na stendi")

Ukikosa kimoja usikate tamaa. Ukikosa kopo, kazi inakuwa ngumu sana.

## Hatua ya 1: Soma kopo ukiwa bado kaunta

Hapa ndipo pa kutumia muda. Dakika tano za kusoma kopo pale Mwanjelwa (Mbeya) au Miyomboni (Iringa) zinakuepusha na miezi ya kufuatilia ofisi.

Angalia maandishi ya lazima. Kipodozi halali kinatakiwa kiwe na jina la bidhaa, orodha ya viambato, jina na anwani ya mtengenezaji, nchi kilikotoka, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda, ujazo, na maelekezo ya matumizi. Maandishi yawe kwa lugha inayosomeka hapa, Kiswahili au Kiingereza. Kopo lenye Kifaransa kitupu au Kichina kitupu halijatengenezwa kwa ajili ya soko letu. Mengi ya namna hiyo hupita mipakani kwa njia za panya, na ukiishi karibu na Tunduma au Kasumulu unajua ninachosema.

Tafuta viambato vilivyopigwa marufuku. Nakili majina haya kwenye simu yako jinsi yanavyoandikwa kwenye kopo:

- *Hydroquinone*. Ikitumika muda mrefu inaweza kuacha madoa ya buluu iliyofifia kuelekea nyeusi, hasa mashavuni, na madoa hayo hayaondoki kirahisi.
- *Mercury*, yaani zebaki. Hujificha kwa majina kama *calomel*, *mercurous chloride*, *mercuric iodide*, *ammoniated mercury* au *mercurio*. Huumiza figo, na ni hatari kwa mimba na kwa watoto wachanga.
- *Clobetasol*, *betamethasone* na wenzao wa kundi la steroidi. Hizi ni dawa. Daktari huziandika kwa ugonjwa maalumu na kwa siku chache. Zikipakwa kila siku kama losheni, ngozi inakuwa nyembamba, inachanika mistari, inatoka chunusi, na ukiacha ghafla uso unawaka.

Wanaotia zebaki mara nyingi hawaiandiki kabisa, lakini kuna maandishi yanayowaumbua. Geuza kopo usome maelekezo madogo ya nyuma. Ukikuta onyo kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha, aluminiamu au vito, rudisha kopo kaunta. Zebaki hula madini hayo, ndiyo maana mtengenezaji anakutahadharisha kuhusu pete yako huku akinyamaza kuhusu uso wako. Shirika la Afya Duniani limeitaja dalili hii kati ya zile za kutambulia krimu zenye zebaki.

Kuhusu alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Wengi wanakosea hapa. Alama ya ubora ya TBS utaikuta zaidi kwenye bidhaa zinazotengenezwa nchini ambazo kiwanda kimethibitishwa. Kipodozi kutoka nje kinaweza kuwa halali bila alama hiyo, kwa sababu chenyewe hupitia ukaguzi wa bidhaa za nje na usajili. Kwa hiyo kwa bidhaa ya nje uliza swali moja: "Hii imesajiliwa TBS?" Muuzaji akibabaika, piga simu ofisi ya TBS, soma jina la bidhaa na la mtengenezaji, waulize wao.

Kuhusu msimbo wa mistari. Usidanganyike na namba za mwanzo. Namba 620 inaonyesha msimbo umesajiliwa Tanzania, basi. Haithibitishi kwamba krimu ni salama, wala kwamba imetengenezwa hapa.

Losheni za kupima. Baridi ya Juni na Julai ikianza, huko Makete, Njombe na hata Uyole ngozi inapasuka, na ndipo glisirini na mafuta hugawanywa kwenye vichupa vya maji na kuuzwa kwa bei ya chee. Kichupa kisicho na lebo hakina mtengenezaji wa kumdai. Ukiungua, mlalamikiwa wako ni muuzaji huyo mmoja tu, ambaye kesho hayupo. Mimi nashauri usinunue kabisa, haidhuru bei.

*Umefanikiwa ikiwa:* umesoma viambato vyote, tarehe haijapita, na umepiga picha pande zote za kopo kabla ya kulipa.

## Hatua ya 2: Lipa kwa njia inayoacha alama

Dai risiti ya EFD. Ni haki yako, na kisheria ni wajibu wako pia kuidai. Hakikisha ni ya kweli kwa kuiskani au kwa kuingiza namba yake kwenye tovuti ya uhakiki ya TRA (Mamlaka ya Mapato), verify.tra.go.tz. Risiti hizi hufifia. Ipige picha siku hiyohiyo.

Kama ni duka dogo lisilo na mashine, lipa kwa Lipa Namba. Ujumbe unaorudi kwenye simu una jina la biashara, kiasi, tarehe na saa, na huo ni ushahidi. Omba pia karatasi ya mkono iliyoandikwa jina la bidhaa. Neno "vipodozi" peke yake halitoshi, kwa sababu kesho atasema alikuuzia sabuni.

Kwa wanaonunua WhatsApp na Instagram: piga picha tangazo, mazungumzo yote, na wasifu wa muuzaji kabla hujatuma hela. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ujumbe wa kielektroniki kama ushahidi, na inamtaka muuzaji wa mtandaoni ajitambulishe kwa jina na anwani. Anayekataa kutaja duka lake lilipo, mwache.

## Hatua ya 3: Ngozi ikibadilika, acha kupaka na uende hospitali

Usimsikilize anayesema "inatoa uchafu, vumilia". Kuwaka, kuvimba, malengelenge, kuchubuka au weusi mpya kwenye viungo vya vidole si uchafu kutoka.

Osha kwa maji mengi. Usipake krimu nyingine juu yake, wala dawa ya meno, wala ndimu.

Angalizo: kama umepaka krimu kali kwa miezi, hasa yenye steroidi, nenda kwa daktari akuelekeze namna ya kuacha. Kama macho yamevimba, unapumua kwa shida, au ni mtoto aliyepakwa, nenda usiku huohuo.

Ukifika hospitali, iwe Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ya mkoa Iringa au kituo cha afya cha kata, beba kopo. Mwonyeshe daktari. Mwombe aandike mambo matatu: hali ya ngozi aliyoiona, tarehe, na jina la bidhaa unayosema ulitumia. Cheti kinachosema "mzio" peke yake hakimgusi muuzaji. Chenye jina la krimu kinamgusa.

Tunza risiti zote za matibabu na za nauli. Mtu wa Ludewa au Chunya anayesafiri kufuata daktari amepata hasara, na hasara hiyo inaingia kwenye madai.

## Hatua ya 4: Funga ushahidi

Piga picha ngozi kwenye mwanga wa mchana, siku ya kwanza, na uendelee kila siku chache kutoka umbali uleule. Usitumie vichujio vya kurembesha, vitakuharibia picha zote.

Funga kopo vizuri, litie kwenye mfuko wa plastiki, kisha mfuko wa pili. Andika juu tarehe uliyonunua na uliyoacha kutumia. Liweke mbali na watoto na mbali na chumba cha kulala, maana krimu yenye zebaki hutoa mvuke. Usilichome moto kwa sababu yoyote.

*Umefanikiwa ikiwa:* mtu asiyekujua akipewa bahasha yako anaelewa ulinunua nini, wapi, lini, na kilikufanya nini, bila wewe kuongea.

## Hatua ya 5: Rudi dukani kwa utulivu

Anza na muuzaji. Wengi huishia hapa kwa heri, na hata yakishindikana, ofisi itakuuliza kama ulimwona.

Nenda na shahidi mmoja. Beba picha na nakala. Kopo lenyewe liache nyumbani. Likishikwa na mwenye duka linaweza lisirudi.

Sema unachotaka kwa ufupi: "Kaka, krimu hii nilinunua kwako tarehe fulani, risiti hii hapa. Imeniunguza, cheti hiki. Naomba hela yangu na gharama za matibabu."

Hapo atakuonyesha kibao ukutani: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Usirudi nyuma. Kibao hicho hakifuti wajibu wake kwa bidhaa mbovu, bandia au isiyofanana na maelezo yake. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 ina masharti yanayomlinda mlaji, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ifanane na ilivyoelezwa na iwe na ubora wa kuuzika. Tume ya Ushindani yenyewe imeshawaonya wafanyabiashara kuhusu maandishi hayo. Ukibadili mawazo tu kwa kuwa harufu hukuipenda, hapo ni hiari yake.

Akikubali, malizaneni kwa maandishi. Akikataa, mwambie unakwenda mbele, uondoke. Usigombane, na usikimbilie kumweka mtandaoni kwa jina. Ukiandika jambo usiloweza kulithibitisha, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaweza kukugeukia wewe uliyeumizwa.

## Hatua ya 6: Chagua ofisi sahihi

Hapa ndipo watu wengi wanapotea, kwa hiyo twende taratibu.

Wengi bado wanakwenda kuuliza "TFDA", ile mamlaka ya zamani ya chakula, dawa na vipodozi. Tangu mwaka 2019 vipodozi na chakula vilihamia TBS, na TFDA ikawa TMDA inayoshughulika na dawa na vifaa tiba. Gawanya hivi:

TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Peleka hapa kama tatizo ni usalama: viambato marufuku, hakuna lebo, muda umeisha, bidhaa haijasajiliwa, duka halijasajiliwa. TBS inaweza kuchukua sampuli, kupima, na kuondoa bidhaa sokoni. Usiitegemee ikurudishie hela mfukoni, kazi yake kubwa ni kuzuia kopo hilo lisimfikie mwingine. Ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini ipo Mbeya.

FCC (Tume ya Ushindani). Peleka hapa kama umedanganywa au umeuziwa feki: tangazo la uongo, jina la kampuni lililoigwa, muuzaji anayekataa kurudisha. FCC ndiyo inayosimamia ulinzi wa mlaji chini ya sheria ya 2003, na inapambana na bidhaa bandia kupitia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Ina mamlaka ya kutoa amri ya fidia kwa aliyepata hasara. Nayo ina ofisi ya kanda Mbeya.

TMDA. Peleka hapa kama ulichouziwa ni dawa: tyubu ya clobetasol au betamethasone iliyopangwa kati ya losheni. Madhara ya dawa pia huripotiwa huku, na daktari wako anaweza kukujazia fomu.

Afisa afya wa halmashauri au kata. Kwa walio Mufindi, Makambako, Kyela au Mbarali, huyu ndiye wa karibu. Anakagua maduka na anajua namna ya kulifikisha jambo kanda. Anza kwake kama nauli ya Mbeya ni mzigo, lakini pata nakala iliyogongwa muhuri.

Shauri moja linaweza kwenda ofisi mbili. Krimu feki yenye zebaki: TBS kwa ajili ya zebaki, FCC kwa ajili ya ufeki na hela yako. Andika kwenye kila barua kwamba nakala imekwenda kwingine, ili wasikurushe huku na huko.

Mkorogo una shida yake. Krimu iliyochanganywa nyuma ya duka na kutiwa kwenye kopo jeupe haina mtengenezaji, haina usajili, na aliyekuchanganyia ndiye mtengenezaji mbele ya sheria. Usione aibu kuripoti kwa hofu ya kuulizwa kwa nini ulijichubua. Kosa la kuuza sumu halipungui kwa sababu wewe uliipaka kwa hiari. Najua dada wengi wananyamaza hapa, na kwa ukimya huo ndoo ileile inaendelea kuchanganywa.

## Hatua ya 7: Andika barua ya ukurasa mmoja

Barua ndefu yenye uchungu mwingi haisomwi. Tumia mfano huu, ubadilishe maelezo yako:

> YAH: MALALAMIKO KUHUSU KRIMU ILIYONIDHURU
>
> 1. Tarehe … nilinunua krimu inayoitwa … yenye namba ya toleo … katika duka la … lililopo mtaa wa …, kwa Sh …. Nakala ya risiti nimeambatisha.
> 2. Muuzaji aliniambia (au kopo limeandikwa) kwamba …
> 3. Nilitumia siku …. Tarehe … ngozi ilianza …. Nilitibiwa katika …. Cheti na picha nimeambatisha.
> 4. Tarehe … nilimrudia muuzaji mbele ya shahidi. Alijibu …
> 5. Naomba: (a) bidhaa ichunguzwe, (b) nirudishiwe Sh …, (c) nilipwe gharama za matibabu na nauli Sh ….
> 6. Kopo ninalo na niko tayari kulikabidhi kwa maandishi.

Kifungu cha tano ndicho watu wanachosahau. Wanaeleza yaliyowapata, wanasaini, hawasemi wanataka nini. Ofisa hawezi kukukisia.

Kifungu cha sita kina sababu yake pia. Ukikabidhi kopo, pata karatasi yenye jina la aliyelipokea, tarehe, na hali yake ("limefunguliwa, limebaki nusu"). Likiwa na krimu ya kutosha, hamishia kidogo kwenye kichupa kisafi, ubaki nacho.

Peleka nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili wanagonga muhuri wa kupokelewa unarudi nayo.

*Umefanikiwa ikiwa:* umetoka na nakala yenye muhuri na jina la ofisa wa kumfuatilia.

## Hatua ya 8: Fuatilia, na ujue mlango wa mahakama

Panga siku moja ya wiki ya kupiga simu. Kila ukipiga, andika tarehe, uliongea na nani, alisema nini. Vipimo vya maabara huchukua muda, usikasirike mapema; ila ukiona kimya kirefu, andika barua fupi ya kukumbushia ukitaja tarehe ya muhuri.

Kama unachodai ni hela tu na muuzaji anajulikana, unaweza kwenda mahakamani. Kabla ya kufungua, pita kwa msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, huduma yao ni bure kwa wasio na uwezo, na wapo katika wilaya. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri itakuelekeza walipo. Msaidizi huyo ndiye atakayekuambia kama shauri lako ni la Mahakama ya Mwanzo au la juu yake, na akusaidie kupanga hati.

Muuzaji akiona barua zina mihuri, mara nyingi anakutafuta mwenyewe. Atakuja na bei ya krimu mkononi na karatasi ya kusaini. Isome mpaka mwisho. Ikiwa imeandikwa "sina madai mengine yoyote" na wewe bado unatibiwa, usisaini. Pokea hela, kisha muandike hivi, nyote wawili msaini mbele ya shahidi: "Nimepokea Sh … ikiwa ni bei ya bidhaa tu. Gharama za matibabu bado zinadaiwa."